Ubavu Niliokula Makoko

Leo Musoma imeniona uchi. Na nilikuwa nimevaa koti.

Nimejifungia hapa chumbani gesti, komeo juu na chini, mikono bado inanukia mafuta ya ng'ombe ambaye hakuwa wangu. Nawaandikia nyie wa kundi hili kwanza, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine. Maana itawafikia tu. Mambo kama haya hayakaagi Makoko, yanapandaga basi.

Kwa mlioingia kundini juzi: mimi ni Gervas, fundi friji, Dodoma. Mke wangu Mama Neema ni nesi. Kaletwa Musoma kwenye semina ya wiki nzima, na mimi nikasema ngoja nimsindikize, nipumzike, nile upepo wa ziwa. Mji mdogo, mzuri, mawe makubwa yamekaa ufukweni kama wazee wa baraza. Sina malalamiko na mji.

Shida ni tumbo langu. Mimi ni mtu wa nyama. Sio ile ya kusema "napenda nyama" halafu unaagiza chipsi. Mimi ng'ombe akivuka barabara naona ramani: hapa sarara, hapa ubavu, hapa kongoro. Na hapa tumefikia ziwani.

Asubuhi ya kwanza gesti wakasema kuna supu. Nikasugua mikono. Nikafunua bakuli, kichwa cha sangara kinaniangalia. Mchana sato. Jioni dagaa. Kesho yake sato yule yule, kabadilishwa nguo tu, jana alikuwa kakaangwa na leo kavaa nyanya. Nikashuka mpaka soko la Mwigobero, nikamuuliza mama mmoja wa chakula:

"Mama, nyama ipo?"

"Ipo baba, tena mnofu mtupu."

Akaniwekea sangara.

"Mama, huyu si samaki?"

"Kwani samaki ni mchicha?"

Nikala. Mtamu, sikatai. Lakini moyo haukukaa.

Na msije mkasema Musoma hakuna nyama. Ipo! Huu ni mkoa wa ng'ombe. Ni bahati yangu tu iliyokuwa imesusa. Jumapili tulikwenda Butiama kutembea, nikaagiza nyama hotelini. Dada akasema imeisha sasa hivi, ya mwisho kachukua yule baba pale. Nilimtazama yule baba mpaka akahama meza. Juzi Nyasho nikapata mishkaki. Nilianza kuitafuna Nyasho, nikafika gesti bado natafuna kipande kile kile. Mama Neema akadhani jino linaniuma.

Sasa leo. Mama Neema kaenda semina. Mimi nimekaa mapokezi, nimejiinamia. Dada wa mapokezi, anaitwa Bhoke, akanihurumia.

"Kaka, wewe unateseka."

"Sana."

"Nenda Makoko. Kuna garden kule, karibu na ziwa, wanachomaga ubavu kuanzia mchana. Mwambie bodaboda akushushe kwenye geti la bluu. Utaona turubai, utaona moshi. Huwezi kupotea."

(Mtu akikuambia huwezi kupotea, mshike mkono muende naye.)

Nikajiandaa. Shati jeupe, nimechomekea. Koti, kwa sababu ya upepo. Viatu nimevipiga brashi. Mnacheka? Nilikuwa nakwenda kukutana na ubavu baada ya siku zote hizo. Lazima mtu ajiheshimu.

Bodaboda akanishusha. Geti la bluu, lipo. Turubai, lipo. Moshi, jamani, moshi! Ule wa mafuta yanayodondokea mkaa, unaingia puani unateremka mpaka kwenye magoti. Nikasimama getini nimefumba macho kama napokea komunyo. Nilipoyafumbua, nikaona nyuma ya nyumba paja zima la ng'ombe limening'inia, mwanaume mwenye aproni analishughulikia kwa panga.

Nikaingia.

Viti vya plastiki vimepangwa safu mbili zinatazamana, vyote vimefungwa vitambaa vyeupe. (Nikasema hapa wanajali wateja.) Msichana mmoja akaja na jagi na beseni, akapiga goti, akaninawisha. (Dodoma mtu ananawa kwenye ndoo yenye koki iliyokatika!)

"Karibu sana baba. Umefika salama?"

"Salama, ila nina njaa."

Akacheka kwa adabu. "Na wenzako?"

"Leo niko peke yangu."

Akaingia ndani anakimbia. Akatoka mzee mwenye kofia ya pama na fimbo, uso umejaa furaha. Nitamwita Mzee Machumu.

"Karibuni! Karibuni sana!"

Nikaangalia nyuma. Hakuna mtu. Nikajua amekihesabu na kitambi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sisi tulijua mtachelewa. Barabara ya Bunda si unaijua."

"Mimi nimetokea hapo mjini tu, kwa pikipiki."

"Ahaa! Ulilala mjini. Umefanya vizuri. Umetangulia kuona hali."

"Kuona na kuonja, mzee."

Alicheka mpaka kofia ikasogea. Nikampenda. Nikamuuliza kama wanachinja wenyewe. Akasema wamechinja alfajiri.

"Mbuzi?"

"Ng'ombe! Dume! Nyie tuwachinjie mbuzi?"

(Biashara yenye majivuno. Nikazidi kumpenda.)

Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, goti kwa goti. Akaangalia huku na huku. Akashusha sauti.

"Sasa. Kabla wengine hawajafika. Maneno mengine inaongelewaga pembeni. Niambie ukweli kama mwanaume. Ngapi?"

Hapo ndipo naomba msimame kidogo na mimi. Mzee angesema "wangapi", ningeshtuka. Ningejua tunaongelea vitu vyenye roho. Lakini ukanda huu watu hawajisumbui na hayo. Watoto ngapi, ng'ombe ngapi, kilo ngapi, yote ni ngapi. Herufi mbili tu zingeniokoa! Na mimi nikajibu kama mtu aliyesimama buchani.

"Mbili."

Mzee akanitazama. "Mbili?"

"Mbili zinatosha."

"Unanitania."

"Sikutanii mzee. Na hizo mbili ni kwa sababu nimekaa siku nyingi bila. Kawaida yangu ni moja na nusu."

"Na *nusu*!" Akashika magoti yake. "Nusu mtaikataje?"

"Kwani hamna panga?"

Mshipa wa shingo ukawa unacheza. Mimi nikadhani anapiga hesabu.

"Wewe bwana," akasema polepole, "huyu tumemlea kwa taabu. Lakini hata siku moja hakulala njaa. Mnalijua hilo?"

"Inaonekana, mzee! Nimemwona pale nyuma wakati naingia. Kanona kweli kweli."

"Umemwona?"

"Kwa mbali tu."

"Nani kamtoa nje?"

Akainuka na fimbo yake, akaingia ndani mbio mbio, nikasikia anafoka kwa lugha ya kwao. Nikajiegemeza kwenye kiti. Nikasema, angalia mwenye garden anavyokwenda kusimamia jiko mwenyewe.

Nyama ikaletwa. Kwanza walisita kidogo. Yule msichana akaniuliza kama nitakula kabla wenzangu hawajafika. Nikamwambia mimi nikila na wenzangu sishibi. Akaenda kuulizia ndani, akarudi na sinia.

Sitaki kuwaeleza ule ubavu. Mtaona natetea ujinga wangu. Niseme tu mfupa wa kwanza ulipoachia mnofu wenyewe, bila kulazimishwa, machozi yalinilenga. Ngozi ya nje imekauka inakatika kama kaukau za viazi, ndani laini, mafuta yameyeyuka hadi kwenye kiwiko. Nikavua koti. Nikakunja mikono ya shati.

Pembeni yangu alikuwa amekaa bibi mmoja mfupi, kitenge kipya, anaitwa Bibi Nyangeta. Ananiangalia tu, kama mtu anaangalia mvua inanyesha kwenye shamba la jirani.

Na mimi sasa, njaa imeanza kupungua, uteja ukapanda kichwani. Soda yangu ya moto, nikairudisha. Nikaomba pilipili. Nikaomba kachumbari. Nikaona mama mmoja aliyevaa vitenge vya kupendeza anapita, hana haraka, nikampigia makofi. Ndiyo. Makofi. Pa! Pa!

"Mama, ndimu basi. Na chumvi. Mwambie na mchomaji asiharakishe moto."

Yule mama akasimama. Akanitazama kuanzia viatu. Akaenda, akaleta ndimu, akaiweka mezani.

(Mkumbukeni mama huyo. Mtamwona tena.)

Ndipo nikasikia honi. Noah tatu zikaingia. Wakashuka wanaume wa suti, wanawake wa sare, nyimbo na vigelegele. Nikasema sehemu hii kweli ina jina, watu wanakodi magari kuja kula! Wakakaa safu ya mbele yangu. Mzee wao mmoja mrefu, sauti ya kuongoza kwaya, akanipa mkono kwa heshima zote. Huyo nitamwita Mzee Wambura.

"Poleni na maandalizi," akaniambia.

"Tumeshapoa," nikamjibu. Nikamwonyesha sinia. "Ubavu uko vizuri. Wahini."

Akainamisha kichwa, akaenda kukaa. Nikarudi kwenye mfupa wangu.

Mtu mmoja akasimama, akaomba tusali. (Garden inafunguliwa kwa sala!) Nikaweka mfupa chini, nikasali kwa dhati. Nilikuwa na cha kushukuru. Baada ya amina Mzee Machumu akasimama. Ile furaha ya mwanzo haipo. Uso kama lango la benki Jumapili.

"Wageni wetu kutoka Bunda," akasema, "mlituandikia kwamba mmeliona ua kwenye boma letu, na mnakuja kuliomba. Tukasema karibuni."

Nikaacha kutafuna.

Ua. Boma. Bunda. Safu mbili zinatazamana. Vitambaa vyeupe. Nikaangalia ukuta wa baraza: hakuna bei. Nikatafuta kaunta: hakuna kaunta. Kuna picha ya familia, kuna kalenda ya kanisa, kuna nguo za watoto kwenye kamba. Jasho likaanza kwenye utosi, likateremka kwa utaratibu.

Nikaangalia geti. Vijana wanne wa familia wamesimama pale, kila mmoja mabega kama kabati. Nikajiambia Gervas, tulia. Kaa kimya. Hawa wanadhani wewe ni wa wale, wale wanadhani wewe ni wa hawa. Wakimaliza, utaondoka na wengi. Mpango mzuri sana. Uliishi sentensi moja.

"Lakini kabla hatujafika mbali," Mzee Machumu akaendelea, "tuna jambo limetuuma. Mtoto huyu tumemsomesha mpaka chuo. Sasa mjumbe wenu mliyemtanguliza ametuambia kwamba nyie mmejipanga na ng'ombe mbili."

Upande wa Bunda ukavuta pumzi kwa pamoja.

"Na kwamba kawaida yenu," sauti ikamtetemeka, "ni moja na nusu."

"Mjumbe yupi?" Mzee Wambura akauliza.

"Mjumbe wenu."

"Sisi hatukutanguliza mjumbe."

"Huyu hapa!"

Fimbo ikanionyesha. Watu wote chini ya lile turubai wakageuka. Na mimi nimekaa pale, koti nimeliangika kwenye kiti, mikono imekunjwa, mfupa mkononi, ndimu nusu mdomoni.

"Huyu?" Mzee Wambura akasimama. "Huyu si ndugu yenu? Mimi nimempa pole ya maandalizi, akaipokea!"

"Ndugu yetu kutoka wapi? Kaingia hapa akasema amekuja kuonja! Kala peke yake! Kamwona na binti, anasema *kanona*!"

Mama mmoja wa Bunda akasema "Yesu!" Mwingine akasema hii ni njama, watu wa binti wamepandikiza mtu aseme mbili ili wapate sababu ya kupandisha mahari. Huku nako mjomba akajibu hiyo ndiyo tabia ya watu wa Bunda, wanatuma mtu kupima kina. Safu mbili zikainuka. Mlangoni nikaona uso wa msichana umejaa vipodozi na machozi. Ndiye binti mwenyewe. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Mtoto wa watu, siku yake, na uchumba wake unavunjwa na mtu mwenye mafuta kidevuni.

"Fungeni geti," mtu akasema.

Nikasimama. Nikatoa ndimu mdomoni.

"Wazee wangu, samahanini. Mimi si wa hapa wala si wa Bunda. Mimi ni mteja."

"Mteja wa nini?"

"Wa nyama."

Nikasikia ziwa.

"Nimeelekezwa garden. Geti la bluu. Nikaona moshi..."

"Garden ni geti la bluu linalofuata," mwanaume mmoja wa safu ya pili akasema. "Ni ya kwangu. Leo nimefunga, nimealikwa huku."

"Tapeli huyu!" kabati mojawapo likasema. "Anazungukaga kwenye sherehe za watu. Apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa."

Nikasema mimi nina mke, nesi, yuko semina mjini, mpigieni. Wakasema piga wewe, weka sauti kubwa. Nikapiga. Simu ina mafuta, inateleza, nikaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Haloo, Baba Neema."

"Mke wangu, niko na wazee huku Makoko. Waambie mimi ni nani."

"Umefanya nini?"

"Nimekula nyama."

"Si ndicho ulichofuata?"

"Ya posa."

Nyuma yake nasikia mtu anafundisha habari za chanjo.

"Posa ya nani?"

"Sijui. Binti wa hapa. Na ng'ombe nimeshataja. Mbili."

Halafu mke wangu, mama wa watoto wangu, tuliyefunga naye ndoa mbele ya padri, akasema kwa ile sauti yake ya dirisha la dawa:

"Samahani, umekosea namba."

Akakata.

Niliitazama simu. Watu wakanitazama mimi. Sijawahi kuwa mpweke vile, hata kaburini nadhani kuna jirani.

Kicheko kikaanza chini kabisa, kama birika linakaribia kuchemka. Ni Bibi Nyangeta. Mwili mzima unatikisika.

"Mwacheni," akasema. "Huyo ni mke wake kweli. Mtu baki asingekata simu namna hiyo."

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akajikohoza. Bibi akanigeukia.

"Wewe mwanangu. Hizo mbili zilikuwa za nini?"

"Kilo, bibi."

"Na moja na nusu?"

"Kilo na nusu."

Mzee Machumu akasogea, fimbo imeshuka. "Na uliyesema amenona?"

Nikaonyesha nyuma ya nyumba. "Dume, mzee. Yule aliyening'inia."

Mzee akakaa. Akavua kofia, akajifunika nayo uso, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani nimemliza mzee wa watu. Alipoitoa kofia alikuwa anafuta machozi, meno yote nje.

"Nusu!" anasema. "Ananiambia *kwani hamna panga*!"

Turubai zima likalipuka. Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Mama wa "Yesu!" alikaa chini kabisa, kwenye nyasi. Mzee Wambura akasubiri kidogo, akanyoosha tai, akasema kwa sauti yake ya kwaya:

"Wakwe zetu, kama hapa kwenu mahari ni kwa kilo, basi sisi wa Bunda tumekuja na tani."

Vigelegele! Binti mlangoni akacheka huku kamasi zinamtoka, akavutwa ndani kurekebishwa uso.

Mimi nikachukua koti langu, nikaomba msamaha kwa kila niliyeweza kumfikia, nikaanza kurudi nyuma kuelekea getini. Bibi Nyangeta akagonga kiti.

"Unakwenda wapi? Umekula nyama ya watu, kaa usikilize maneno ya watu."

Wakaniweka katikati, kati ya safu mbili, peke yangu, kama mtuhumiwa. Kila wakibishana wananigeukia. "Mteja unaonaje?" Mimi natikisa kichwa tu. Neno lolote lenye hesabu nilikuwa nimeapa sitalitamka tena. Wakaelewana haraka kuliko walivyotegemea. Mzee Wambura aliniinamia akaninong'oneza, "Umetusaidia sana. Mtu aliyeogopeshwa na mbili, ukimtajia kumi na moja anaona harusi imeshafika."

Chakula cha wote kikaletwa. Sinia langu likabebwa na yule mama wa ndimu, kumbe ndiye mama mzazi wa binti. Akasimama mbele yangu.

"Safari hii unataka na makofi?"

Nilipiga goti, jamani. Mwanaume mzima, na kitambi, kwenye nyasi. Akanitazama chini pale, akashindwa kujizuia, akacheka, akaniongezea paja. Nami nikala. (Mngefanya nini nyie? Lilikuwa paja!)

Wakati wa kuaga, Mzee Machumu akasimama tena. Akasema mtu aliyeonja nyama ya posa kabla ya mkwe mwenyewe hawezi kuachwa apotee hivi hivi. Akasema kwenye harusi patahitajika mtu wa kusimamia jiko, mwenye mdomo mgumu, asiyeona aibu kurudisha soda ya moto. Watu wakapiga makofi. Mimi nikadhani ni utani, nikapiga na mimi, hata namba ya simu nikawaachia.

Nimerudi gesti kwa pikipiki, nina bahasha ya nyama kwapani. Bhoke akaniuliza, "Kaka, uliipata?" Nikapita. Mama Neema kanitumia ujumbe mmoja tu tangu saa ile: "Wenzangu wote wa semina wanakuja kumwona bwana harusi." Ndiyo maana komeo liko juu na chini. Sasa hivi nawasikia ngazini, wanacheka, wengi, na mmoja wao anauliza kama nyama imebaki.

Na wakati nawaandikia haya simu imelia. Nimeongezwa kwenye kundi: *Kamati ya Harusi*. Cheo changu kimeshaandikwa, Mjumbe wa Chakula, Upande wa Nyama. Watu mia na kitu, wote wananikaribisha kwa alama za mifupa. Nilikuwa natafuta pa kubonyeza nijitoe, Mzee Machumu akanifanya admin.

Haya, chekeni sasa. Namba zenu zote ninazo.